Kisiki na Ushauri Wangu kwa Wageni wa Meli

Jumamosi moja mwezi wa pili, saa tisa alasiri, mimi na adui yangu tulizimika dakika moja.

Sijafa, msianze kuchangishana rambirambi. Nasema kuzimika kwa umeme. Ila kwa nilichokigundua siku ile, afadhali ningezimia kweli.

Ngoja nianzie nyuma kidogo.

Naitwa Saulo, nakaa Uyole hapa Mbeya, nina miaka hamsini na mbili. Nina diploma ya umeme. Nimefanya kazi kiwandani miaka ishirini na moja, mwaka juzi wakapunguza watu, na mimi nikapunguzwa. Kitambi hakikupungua.

Nikawa mtu wa kushinda nyumbani. Mke wangu, Mama Lusekelo, alinivumilia wiki tatu. Ya nne akaniambia, "Baba Lusekelo, tafuta kitu cha kufanya. Leo umenifundisha kukata kitunguu mara mbili."

Aliyeniokoa ni mwanangu Lusekelo. Yeye ni fundi wa mashine huko machimboni Makongolosi, anarudi kila baada ya wiki mbili. Akaniwekea gemu kwenye kompyuta ya sebuleni.

"Mzee, hili halitaki vidole vyepesi. Linataka kusoma na kuamua."

Gemu lenyewe refu kama kesi ya ardhi. Wewe ni nahodha wa meli ya angani. Dunia imekufa, umebeba watu kumi na wawili, unawatafutia dunia nyingine. Unaongea nao, unachagua la kujibu, na ukishachagua halifutiki. Ukimdanganya mtu leo, mbele ya safari anakugeuka. Wachezaji tunaliita Meli tu.

Basi nikanogewa. Nikaingia kundi la mtandaoni la wachezaji wa Meli, watu zaidi ya mia sita, kwenye app ambayo namba ya mtu haionekani. Unajipa jina unalotaka. Nikajiita Fundi Mkuu.

Humo nikaandika Ushauri kwa Wageni. Ezron, kijana wa Iringa mjini ambaye ndo admini, akaubandika juu kabisa. Mgeni akiingia anaambiwa, kasome kwanza kwa Mwalimu.

Mwalimu, mimi.

Umepunguzwa kazi, mtaani unaonekana mzigo, halafu kuna mahali watu mia sita wanakuita mwalimu. Nilikuwa napiga mswaki huku natabasamu, dawa inamwagika.

Ushauri wangu ulikuwa hivi. Usikimbilie kujibu, soma mpaka mwisho. Anayekupa silaha ya bure kituo cha kwanza, mkatae, atakuja kudai roho yako. Ukiona saa juu ya kioo, jua kukaa kimya nako ni jibu. Yule mfanyabiashara anayeomba kuokolewa, muache huko huko, mimi nimemwokoa mara tatu na kaniibia mara tatu.

Na wa mwisho: "Yule mwanamke wa chumba cha ramani, Iveta, mke wa mtoto wa nahodha, mpite tu. Hana la maana."

Huo wa mwisho ndo ulioniletea balaa.

Akatokea mtu anajiita Kisiki. Hakusalimia.

"Fundi Mkuu, umewahi kuongea na Iveta hata mara moja?"

Nikamjibu, "Kijana, mimi Meli nimeimaliza mara mbili."

"Sijakuuliza umemaliza mara ngapi. Kuna watu wamemaliza shule na kusoma hawajui."

Kundi zima likacheka. Nilisikia masikio yanawaka moto.

Toka siku hiyo ikawa vita. Miezi mitano. Nikiandika kitu asubuhi, kabla chai haijapoa Kisiki kashatua.

"Mzee, ushauri wako ni kama tenga la nyanya za barabarani. Juu zinang'aa, chini zimeoza."

"Na wewe kijana una mdomo kama mashine ya kukoboa, makelele mengi, zinatoka pumba."

"Bora pumba, ng'ombe anakula. Ushauri wako hata ng'ombe anaupita."

Niliitwa redio mbovu. Niliitwa nahodha wa karai. Siku moja aliniandikia, "Kalee wajukuu, mzee," nikakosa jibu mpaka kesho yake, maana wajukuu wenyewe sina.

Mbaya zaidi, wageni wakaanza kumsikiliza yeye.

Sasa niwaambie ukweli ambao kundini sikuusema.

Iveta sikuwahi kuongea naye. Hata mara moja. Na si kwamba nilisahau.

Mimi ni Mnyakyusa. Kwetu, baba hasemeshani na mkamwana wake, yaani mke wa mwanae. Hawatazamani, hawakai chumba kimoja. Siku hizi wengi wameacha, ila mimi nimelelewa na baba ambaye alikuwa anakohoa kuanzia getini ili shemeji yetu, mke wa kaka, apate muda wa kujificha.

Na mimi nakohoa hivyo hivyo. Maana mkamwana ninaye.

Anaitwa Devota, mke wa Lusekelo, wanakaa nyumba ndogo ya uani. Kwao ni Ilula, Mhehe, na kwao hawana mambo hayo. Lakini alipoolewa mke wangu akamfundisha, akashika bila kubisha. Akisikia nakohoa anavuta kitenge kichwani, anapita nyuma ya jiko. Chakula anapika yeye, mezani analeta mke wangu. Miaka miwili, sijawahi kusikia sentensi yake nzima.

Kwa hiyo nilipoona kwenye gemu huyu Iveta ni mke wa mtoto wangu, mimi nahodha, mkono ukagoma kubonyeza. Najua ni katuni. Ukagoma tu. Nikawa nampita pale mlangoni nimeinamisha kichwa. Halafu badala ya kusema mimi siwezi, nikawaandikia watu hana la maana.

Ule mwezi wa pili niliowatajia mwanzo, Kisiki akanimaliza mbele za watu.

"Tushindane. Sura ya mwisho, kupita ukanda wa vumbi, mwendo mgumu. Atakayefikisha watu wote hai ndo mkweli. Atakayeshindwa afute ushauri wake, atoke kundini. Au unaogopa, Mwalimu?"

Ningekuwa na akili ningekausha. Lakini lile neno Mwalimu aliliandika kwa dharau.

"Jumamosi saa saba mchana," nikajibu.

Ezron akawa refa. Kila nusu saa tunamtumia picha ya kioo, yeye anabandika kundini watu wanaangalia. Nikamwambia mke wangu sitaki mgeni wala simu.

"Unaenda kufanya mtihani?" akauliza.

"Nikishindwa sina tena pa kwenda."

Alidhani natania.

Tukaanza. Mpaka saa nane na nusu nina watu kumi na wawili, Kisiki naye kumi na wawili. Watu kundini wanatupiana maneno. Jailos, mmoja wa mashabiki wangu wa Rujewa, akaandika, "Mwalimu, mkanyage huyo mtoto." Kisiki akajibu, "Mwambie akanyage kwanza breki, anaelekea korongoni."

Na kweli vumbi likaanza kuwa zito. Ramani yangu ikawa nyeupe tupu.

Saa tisa, pap. Giza kwenye kioo.

Nikalaani shirika zima la umeme. Halafu nikasikia saluni ya jirani inanguruma kama kawaida. Ng'ambo ya barabara mashine ya kusaga inasaga. Umeme upo mtaa mzima isipokuwa kwangu.

"Mama Lusekelo," nikaita, "Luku imeisha, nunua umeme."

Nikachukua simu nimtaarifu Ezron. Kabla sijaandika herufi moja, ukaingia ujumbe wa Kisiki.

"Admini, umeme umeniishia. Naomba dakika kumi. Na huyo mzee asianze kushangilia."

Nikacheka. Nikasema mwenyewe, ona, hata Mungu kamzimia.

Halafu kicheko kikakwama.

Umeme haujakatika mtaani. Umeisha nyumbani kwangu. Mita yetu inalisha nyumba mbili tu, hii yangu na ile ya uani.

Nikasogeza pazia kidole kimoja.

Mlango wa uani ukafunguliwa. Devota akatoka mbio, kitenge kinaburuza, mkono mmoja kakumbatia laptopu ya Lusekelo. Laptopu ile betri ilishakufa zamani, bila umeme ni trei ya kubebea vikombe. Akamfuata mke wangu pale kwenye mita, anamnong'oneza, anarukaruka kama mtu aliyebanwa haja. Mke wangu anaingiza namba za Luku, yeye anamhimiza.

Taa ikawaka. Devota akachomoka kurudi ndani, kandambili moja akaiacha uani.

Simu ikalia. Kisiki.

"Umerudi. Mwamsheni mzee tuendelee."

Nilikaa chini. Jamani, nilikaa chini.

Redio mbovu. Nahodha wa karai. Nyanya zilizooza. Yote hayo yalitoka mita ishirini kutoka kiti changu, kwa mtu anayenipikia maharage.

Kitu cha kwanza kilichonijia ni kumuumbua. Niandike kundini kwamba Kisiki ni mkamwana wangu, ananitukana chini ya dari yangu, shindano limevunjika. Nusu ya lile kundi ni watu wa huku huku, wangemtoa mbio. Ningebaki na umwalimu wangu.

Nikaandika kabisa. Nikaisoma. Nikaona inachosema ni kitu kimoja tu, kwamba mzee kashindwa hoja kakimbilia mila. Nikafuta.

Kompyuta ikanirudisha pale nilipohifadhi mwisho. Nimesimama kwenye korido ya meli. Vumbi mbele, watu kumi na wawili nyuma, na mlango wa chumba cha ramani uko wazi.

Nikakohoa. Kompyuta, naikoholea.

Nikabonyeza.

Iveta akageuka. Maneno yakatokea: "Siku mia mbili na kumi unapita mlango huu, nahodha. Leo meli inazama ndo umekumbuka nina mdomo?"

Majibu matatu ya kuchagua. Kumwamuru anionyeshe njia. Kumwomba radhi. Kumwambia aondoke. Saa ikaanza kuhesabu juu ya kioo.

Nilijua la kuchagua. Mtoto mdogo angejua. Lakini nilikaa pale natazama uso wa mkamwana, wa katuni, miaka hamsini na mbili ya malezi imenikamata mkono, mpaka saa ikaisha.

Akanigeuzia mgongo.

Nikaingia vumbini bila njia. Nikapoteza watu watano.

Kisiki alifikisha wote kumi na wawili. Njia alionyeshwa na Iveta, anaijua yote tangu mwanzo wa gemu, kama ungemsemesha.

Kundi likalipuka. "Mwalimu kafeli." "Mrudisheni chekechea." Hata Jailos akaandika, "Mzee umetuzingua."

Nikaandika maneno machache. Kwamba nimeshindwa kihalali. Kwamba Iveta sikuwahi kuongea naye, nilisema uongo, na Kisiki ndo alikuwa sahihi. Nikafuta ushauri wangu wote, nikatoka.

Nyumba ikawa kimya ajabu. Siku ya kwanza nikapanga viatu. Ya pili nikavipanga tena. Ya tatu nikaenda jikoni kuangalia vitunguu vinavyokatwa.

Mke wangu akaweka kisu chini. "Rudi kundini kwako, Baba Lusekelo."

"Kundi gani?"

"Usinifanye mjinga. Mwanangu Devota siku ya tatu hali vizuri. Anasema huko kumepoa, hana wa kumtukana."

"Anajua ni mimi?"

"Toka wiki ya kwanza. Wewe si unasoma kwa sauti kabla ya kutuma? Ukimaliza unajichekea mwenyewe, dirisha wazi. Yeye anakusikia, anasubiri ujumbe uingie, jibu analo tayari."

"Na wewe umejua muda wote?"

"Ile ya pumba na ng'ombe ni ya kwangu," akasema. Akaendelea kukata kitunguu.

Siku ile nilijisikia mdogo. Nikafikiri sana. Lusekelo aliporudi mwisho wa wiki nikamwita yeye na mama yake, nikasema mwiko huu nauondoa. Zawadi ambayo mila inadai ili mwiko uondoke, nitatoa. Devota ni mtoto wangu, ana akili kunishinda, haiwezekani nimjue kwa matusi tu. Aje sebuleni, tukae, tuongee kama watu.

Lusekelo akafurahi. Mama yake akaenda uani kupeleka ujumbe.

Nikavaa shati safi. Nikasikia wanaongea, halafu kicheko. Mama Lusekelo akarudi peke yake.

"Anashukuru sana. Anasema hapana."

"Hapana kwa nini?"

"Anasema mkianza kuongea, itabidi akuheshimu."

Mwanangu alikwenda kucheka nje.

Basi nikarudi kundini, na Ezron kanipokea. Ushauri wa wageni nimeuandika upya, mfupi, na unaanza na hili ambalo nawaachia na ninyi msiocheza gemu lolote: kama mtu hujawahi kumsemesha, usiwaambie wengine hana la maana. Sema wewe umeshindwa. Hiyo aibu ni ndogo kuliko ya kuzamisha watu watano.

Kisiki ameusoma. Kaandika kwamba mzee kajifunza kusoma ukubwani, tumpigie makofi taratibu asije akashtuka.

Samahanini, naishia hapa. Kuna mtu inabidi nimjibu, na leo nafunga dirisha.