Waya wa Masi wa Papa Neema

Kabla mambo hayajaharibika kwetu Gitega, Burundi, tatizo lililonisumbua kuliko yote lilikuwa kamionete, yaani pikapu, ya Papa Neema. Nilikuwa fundi wa umeme wa magari, kama baba yangu. Papa Neema alikuwa Mkongomani wa Kivu ya Kusini, Mkristo, muuza vitenge, na jirani yangu ukuta kwa ukuta. Idi alikula kwetu, Noeli tulikula kwake.

"Fundi Saidi, gari iko inakataa mlima," aliniambia asubuhi moja. "Chini inakimbia bien. Ikianza kupanda inasita, inakohoa, halafu inaondoka tena."

Nilibadilisha plagi. Nikasafisha kabureta, nikakagua pampu ya mafuta. Bado ilisita. Siku ya tatu niligusa kebo ya akselereta nikaungua kidole. Kebo ile haina kazi ya kupitisha umeme, kwa nini iwe ya moto? Hapo nikaelewa. Fundi huangalia umeme unaotoka kwenye betri, akasahau kwamba lazima urudi. Unarudi kupitia chuma cha injini, kisha kwa waya mnene tunaouita masi. Masi ya kamionete ile ilikuwa imeoza, kijani kibichi, basi umeme ulijitafutia njia nyingine, na injini ilipoelemewa cheche zilififia. Nilikwangua chuma mpaka kikang'aa, nikafunga waya mpya wa shaba iliyosukwa. Ulikuwa wa mwisho dukani kwangu. Mipaka ilikuwa imefungwa, biashara imezuiwa, na vipuri havikuingia.

Tulipanda naye mlima kwa gia ya tatu. Alicheka njia nzima.

Miezi michache baadaye watu walianza kuingia mjini kutoka Bukirasazi na Nyarusange, magodoro vichwani, wengine bila chochote. Mwanzoni tulisikia milio ya bunduki kwa mbali, kama mtu anayepasua kuni. Kisha ikasogea. Mke wangu Mwajuma alikuwa na mimba ya miezi saba, na mama yangu hakuweza tena kutembea. Tukakubaliana na Papa Neema twende Muyinga kwa shemeji yangu, magari mawili pamoja na mengine yatakayokuwa njiani. Hali ikizidi kuwa mbaya, tungevuka mpaka kuingia Tanzania.

"Kagua zote mbili, fundi," alisema. "Mi nafunga mizigo."

Asubuhi ya safari nilifungua gari langu. Lilikuwa dogo na kuukuu kuliko lake. Nilipoukunja waya wa masi ili niusafishe, ulikatika mkononi. Nilitafuta dukani, nikatafuta uani. Hapakuwa na kitu.

Kamionete ilikuwa imesimama pale, boneti wazi. Papa Neema alikuwa ndani anamsaidia mkewe kufunga masufuria.

Nilifungua bolti mbili. Waya wake nikaufunga kwenye gari langu. Kwake nikasokota pamoja nyaya tatu nyembamba za taa za nyumbani, nikazikaza, nikawasha. Injini ilinguruma vizuri. Nikajiambia zitamfikisha. Lakini mimi ndiye niliyejua mlima unahitaji nini.

Ningeweza kumwambia. Nimelifikiria hilo miaka yote. Angesema tupange familia mbili katika kamionete yake, tuache masufuria, tuache gari langu. Nina hakika angesema hivyo. Nami nilitaka gari langu, na mlango wa kufunga mwenyewe.

Tulipotoka alinisogelea dirishani.

"We tangulia, uko na mama mgonjwa. Mi nikikwama utaniona kwenye kioo."

Tulikuwa magari sita. Tulipita Karuzi bila shida. Baada ya hapo barabara ilianza kupanda kati ya mikaratusi.

Nilimwona kwenye kioo akibaki nyuma. Kamionete ilijikwaa, ikashika, ikajikwaa tena.

Ikasimama.

Risasi zilitoka upande wa kulia, juu.

"Papa Neema amesimama," Mwajuma alisema.

"Atakuja."

"Saidi, amesimama."

Nilikanyaga mafuta. Gari langu lilipanda mlima ule bila kusita hata mara moja.

Mama Neema na binti yake walifika Muyinga siku ya tatu, kwa miguu. Neema alikuwa na miaka kumi na moja. Miguu yao ilikuwa imevimba, na Mama Neema alikuwa amevaa kiatu kimoja. Mwajuma aliwaogesha na kuwapa uji. Sikuuliza, ila Mama Neema alinieleza mwenyewe, taratibu, akitazama bakuli.

"Alishuka akafungua boneti. Akasema, fundi alichoka, amefunga waya mubaya. Akaanza kuikaza na mikono. Sisi alituambia tukimbie kwenye miti."

Akaweka bakuli chini.

"Hakuwa na hasira, Saidi. Nakuambia usijiumize."

Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli pale. Chumba kilikuwa na watu wanne tu, na mwanamke yule alikuwa akinitazama kwa huruma.

"Ni kweli," nikasema. "Nilikuwa nimechoka."

Wiki iliyofuata tulivuka mpaka upande wa Butihinda. Mama Neema na binti yake walipelekwa kambi nyingine ya wakimbizi. Mwanangu alizaliwa Tanzania, mama yangu akafia huko, na mimi nikatengeneza magari ya watu kwa miaka mingi. Kila nilipofunga masi nilifanya kazi safi kabisa, na wateja walinisifu. Sikumweleza Mwajuma mpaka alipokuwa mgonjwa wa kufa. Aligeukia ukutani. Alikufa kabla hatujazungumza tena jambo hilo.

Niliporudi Burundi nilisikia kwamba Neema yuko Butihinda, ameolewa, analima. Mama yake alikuwa amefariki kambini. Nilimkuta uani anapiga maharage makavu kwa fimbo. Alinipokea vizuri, akanitolea kiti, akaniita baba. Nikamweleza yote, tangu bolti ya kwanza mpaka lile neno nililomwambia mama yake Muyinga.

Aliendelea kupiga maharage kwa muda mrefu. Kisha akaweka fimbo chini.

"Mama alikuombea kila jioni," alisema. "Alisema huyu fundi anaumia bure. Ungemwambia yeye. Mi nifanye nini na haya maneno?"

Akanigeukia.

"Umeyaleta ili upumzike."

"Ndiyo," nikasema. Angalau hapo sikudanganya.

Hatukujua wala hatujui nani alimzika baba yake, au kama alizikwa. Nilikwenda kuuliza mara mbili katika nyumba za karibu na mlima ule. Wakazi wa sasa ni wageni, na wazee waliobaki wanasema waliofia barabarani mwaka ule walikuwa wengi.

Neema alikusanya maganda kwa mikono, akayatupa pembeni.

"Papa alikuwa na miaka thelathini na nane," alisema. "We uko na ngapi sasa?"

Nikamwambia nina sitini na tatu.

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayepiga hesabu, akachukua fimbo yake akarudi kwenye maharage.