Uji Aliokunywa Mbuzi

Jirani yangu mvuvi alipunguza kitambi kwa kufunga hadi mchana na kutembea mpaka chemchemi ya maji moto ya Nyamyumba. Yeye ni mzima. Mimi nameza vidonge vya kisukari. Hata hivyo nilimwiga, na uji wa mke wangu nikawa nampa mbuzi wetu kwa siri.

Jana njiani jasho baridi lilinitoka, macho yakaingia giza. Niliona kifo waziwazi. Muuza ndizi mmoja akanikalisha chini.

"Mama," nikamwambia, "mwambie bibi yangu anisamehe. Uji yake nilikuwa napatia mbuzi."

Akanilisha ndizi mbivu mpaka giza likaniondoka machoni. Nilipoinua kichwa, mke wangu alikuwa nyuma yake, katoka sokoni, kasikia yote.

"Bon, muzee," akasema. "Ndiyo maana mbuzi iko inanenepa."