Darasa Langu Nyuma ya Pazia

Hasira hii nnayo tangu mwaka wa sabini, na sitaki mtu aniambie nisamehe. Nnasimulia nikiwa nayo.

Tulifika Matrah, bandari ya Maskati huku Omani, mimi na mama yangu, baada ya mambo ya Unguja ya sitini na nne. Mjomba, kaka yake mama, alitupa chumba cha juu nyumbani kwake, na kwa hilo Mungu amlipe, sitasema uwongo. Kwetu Unguja nilikuwa nikisomesha biashara katika madarasa ya jioni: kuweka hesabu, kuandika barua, mambo ya mikataba. Matrah sikuwa na wa kumsomesha. Miaka sita nilipika, nilishona, nikawa nahisi akili yangu inaota kutu.

Kisha, mwaka huo wa sabini, Sultani mpya akashika utawala na nchi ikafunguka. Wenzetu wakaanza kuingia kutoka kila upande, ofisi zikaanza kufunguliwa, na ghafla kila nyumba ina kijana anayetaka ukarani. Mjomba akanijia na kilemba cha ukoka. "Mwanangu, nani kama wewe? Ukumbi ule pale. Wasomeshe watoto wa watu." Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Mimi sisomeshi kwa kukaririsha, sikupenda tangu Unguja. Nilikuwa nnaleta kisa: jambo la mfanyabiashara fulani, bila ya jina, lililomkwama. Nnakisoma, kisha nnauliza, "Ungekuwa wewe, ungefanya nini?" Halafu nnanyamaza. Mwanzo ilikuwa adhabu tupu. Wamezoea mwalimu aseme, wao waandike, basi wananitazama na mimi nnawatazama. Kijana mmoja mrefu, aliyekuwa akitia kalamu mbili mfukoni kama waziri, akaniuliza, "Mwalimu, sasa jawabu lenyewe liko wapi?" Nikamwambia, "Lako liko kwako, la mwenzako liko kwake. Kisa hakina jawabu moja. Haya, piganeni." Alinitazama kama mtu aliyechanganyikiwa.

Kilichowafungua midomo ni kisa cha fanusi. Kabla ya nchi kufunguka, Maskati ukitoka usiku lazima uwe na fanusi mkononi, la sivyo unakamatwa. Basi nikawapa mfanyabiashara mwenye ghala lililojaa fanusi, amri ile imeondoka, na watu wanasema umeme unakuja. Afanye nini? Looh! Siku ile mjomba alitoka chumbani kwake kuja kuuliza nani anagombana. Mrefu alisema auze zote leo leo, hata kwa hasara. Mwengine akamcheka: "Umeme umeuona wapi wewe? Hata nguzo moja umeiona?" Alikuwepo msichana mmoja darasani, aliyeruhusiwa na mama yake kwa kuwa mwalimu ni mwanamke. Yeye akauliza nani aliyesema umeme unakuja, na utaanza kwa nani, kwani kule milimani watu watakaa na giza lao miaka, na wao ndio wa kuuziwa. Mrefu akamrukia: "Na nani atabeba vioo juu ya punda mpaka milimani? Wewe?" Walibishana mpaka adhana ya magharibi, na walipotoka nikawasikia bado wanabishana njiani. Nikacheka peke yangu ukumbini. Sikuwa nimecheka vile tangu Unguja.

Habari zikaenda. Karibu na forodha ilikuwa imefunguliwa ofisi mpya, na bwana mkubwa wa hapo, mtu aliyekulia Unguja kama sisi, alitaka mwalimu wa kuwasomesha makarani wake kwa mshahara. Akaleta salamu kwamba Jumatano atakuja kulitazama darasa. Nikamwambia mama yangu, "Nikiipata kazi hii, tutapanga nyumba yetu." Nyumba yetu wenyewe, mlango wetu, jiko letu. Mama akaniuliza kama itakuwa na dirisha upande wa bahari.

Siku mbili kabla ya hiyo Jumatano, mjomba akaniita. Mtoto wake wa kiume alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka Kuwait, alikokuwa akiuza tikiti za meli. "Mgeni ni mtu mkubwa," mjomba akasema. "Haitopendeza akute mwanamke amekaa mbele ya wanaume. Mbele atakaa kaka yako. Wewe kaa nyuma ya pazia, umsaidie."

"Mbona siku zote hizi imependeza?"

"Ilikuwa mambo ya ndani ya nyumba. Sasa yanatoka nje."

Maneno nilikuwa nayo, tena makali. Lakini juu ya vichwa vyetu kulikuwa na chumba kimoja, ndani yake mama yangu, na chumba ni cha mjomba. Akinifukuza mimi, mama atalala wapi? Nikauma meno. Nikajiambia wanafunzi wenyewe watasema mwalimu wao ni nani.

Jumatano pazia likatundikwa. Msichana naye akaambiwa akae nyuma pamoja nami. Binamu yangu akakaa kwenye kiti changu, kanzu imepigwa pasi, uudi wake unatufika mpaka tulipo, akasoma kisa changu cha fanusi kwenye karatasi yangu, kwa maandishi yangu. Wanafunzi wakabishana vizuri. Niliwafunza mimi, wangebishana hata angekaa kuku pale mbele. Nikachungulia, nikamwona mgeni anaridhika. Kisha naye akauliza lile lile la mrefu: "Na jawabu lake ni lipi?"

Nikanong'ona: "Mrudishie yeye. Muulize angefanya nini." Binamu alinisikia, sikio lake lilikuwa shubiri moja na pazia. Akakohoa. "Jawabu ni kuuza zote mara moja," akasema. "Hilo ndilo sahihi. Mengine yote makosa."

Uso wa mgeni ukachanua. "Khasa! Mimi nnataka mtu anayejua," akasema, akampa mkono, na kazi akampa pale pale. Akawageukia na wale vijana, akawaambia waje ofisini Jumamosi, atawaandika ukarani.

Nilisubiri. Mmoja tu aseme, "Bwana, mwalimu wetu yuko nyuma ya pazia." Mmoja! Midomo ile niliyoifungua mimi kwa taabu zangu, yote ikafumba. Mrefu alikuwa anatazama zulia. Msichana alinishika mkono, nami niliubana mpaka akagumia.

Baada ya kahawa mjomba akaja na uso wa sikukuu. "Usinune bwana. Mshahara utaingia nyumba hii hii. Kwani sisi si wamoja?" Na binamu, bila ya haya hata kidogo, akasema, "Dada, uniandikie visa vya wiki ya kwanza. Vitatu vinanitosha."

Aka! Nilimwambia, kwa sauti ambayo majirani wote waliisikia, akaviokote Kuwait. Mama alinifuata ngazini akininyamazisha, akilia. Habari ya dirisha hakuiuliza tena.

Kesho yake wanafunzi wakaja kama kawaida. Hebu fikiri, wamekuja kama kawaida, na salamu juu! Binamu alikuwa ametoka. Pazia nilikuwa nimeshaling'oa. Nikakaa kwenye kiti changu, nikawaambia leo nna kisa kipya.

"Mwanamke ana darasa. Mwanamme amekaa kwenye kiti chake, akapewa kazi yake. Wanafunzi wote wanajua, na wote wamenyamaza. Mngekuwa nyinyi, mngefanya nini? Haya. Jadilini."

Mrefu akafungua kalamu, akaifunga. "Mwalimu," akasema mwisho, "sisi tuna wazee wanatutegemea."

"Na mimi nyumbani nna nini? Paka?"

Ndipo msichana akasema, pole pole, "Mwalimu, hiki si kisa. Ulitwambia kisa hakina jawabu moja."

"Na hiki?"

"Hiki kinalo moja." Akainuka, akajitanda buibui lake. "Twende."

Tukatoka sisi wawili. Wale wanaume, waliobishana mpaka magharibi kwa ajili ya fanusi za mtu wasiyemjua, hakuna aliyeinuka hata kutufungulia mlango.

Yule bwana tulimkuta anafunga ofisi, akatusikiliza pale pale mlangoni. Nikamweleza yote, karatasi zangu nimezishika mkononi ayaone maandishi. Alikuwa akiitazama saa yake. Kisha akaniuliza, kwa upole unaokera kuliko matusi, "Kama lilikuwa darasa lako, bibi, mbona ulikuwa nyuma ya pazia?"

Nikafungua mdomo kumjibu. Msichana akanitangulia.

"Kwa sababu wewe ulikuwa unakuja," akamwambia.

Bwana yule aligeuka kutazama ndani, ambako meza ya binamu yangu ilikuwa imeshapangwa. "Nitalifikiri jambo hili," akasema, akafunga mlango kwa ufunguo.

Mama yangu amekufa katika chumba kile kile cha juu kwa mjomba, kisicho na dirisha upande wa bahari. Yule bwana bado anafikiri.