Kachuma Kalichokula Paja la Kaburu

Kaburu ameoa msichana wangu Gatwiri. Anachomelea mageti hapa Meru, na chuma haiwezi kulala barabarani yeye akipita. Basi akaokota kachuma kadogo kama kidole ya mtoto, kanang'aa, pale kampuni ilikuwa inapiga picha mabomba ya maji ione kama yameshikana. Akakafunga na funguo zake, akatia mfuko ya nyuma.

Jioni akatapika. Tukasema ni nyama mbaya. Halafu paja ikawa nyekundu, ikavimba, na moto hajagusa! Akalala kitandani. Funguo akachukua Gatwiri, akitoka nyumbani ndio anafunga kwa leso kiunoni.

Kwetu mama mkwe haingii chumba ya mkwe, sembuse kuona paja yake. Nikaja kusaidia, nikakaa jikoni kwao nikisikia mwanaume mzima akilia. Ndugu yake Mithika, kichwa maji, akasema amelogwa, akampaka majani.

Harufu ndiyo ilinitoa jikoni. Nikasukuma mlango.

"Mama, usiingie!" Kaburu akavuta blanketi.

"Nyamaza! Utazikwa na aibu?"

Nikafunua. Mwathani, Mungu wangu! Nyama nyeusi, shimo ya kuingia ngumi!

Hospitalini daktari, msichana anaitwa Maxine, akapima damu, akapima tena. Halafu akauliza, "Uliokota kitu?"

"Kachuma tu."

"Kako wapi?"

Gatwiri akafungua leso. "Si haka?"

"Weka chini! Tokeni wote!"

Nimezeeka, lakini daktari akitoroka funguo sijawahi ona. Watu wakaja na mashine ya kulia, ikalia kama mbuzi inachinjwa. Wakakashika na koleo ndefu, wakakafungia kwa sanduku nzito.

"Ni mionzi, ile kampuni inapigia picha mabomba," Maxine akatuambia. "Inachoma bila joto, inamaliza damu. Lakini Kaburu haambukizi, msimwogope."

Mithika alikuwa ameshasimama mlangoni, huyo simba.

Kaburu akapewa dawa ya kuinua damu, lakini mguu ukakatwa. Gatwiri naye anapimwa mpaka leo. Nikiuliza kama ataugua mbele, Maxine anasema tungoje. Ningoje nini?

Juzi mkubwa wa kampuni akaleta unga na pole. Kumbe walijua kamepotea! Walikuwa wanakatafuta kimyakimya, hata jirani hawakuambia.

"Mama, tusamehe," akasema.

"Kwanza uone."

Nikamfunua Kaburu mbele yake, mimi mama mkwe, macho wazi. Kaburu hakuvuta blanketi. Huyo mkubwa ndiye aliangalia ukuta.

"Angalia!" nikamwambia. "Na unga yako urudi nayo."