Kijivu kwa Nyumba ya Nyumbani

Juzi nilikuwa kwenye hadiwea moja hapa Kitengela nikinunua misumari. Kando yangu walisimama mtu na mkewe, wapangaji wa mji huu wanaojenga kwao Magharibi mwa Kenya. Jua lilikuwa kali, lakini mume alivaa koti zito, nalo lilimpwaya kama la kuazima.

Mke alishika kadi ya rangi, akagusa nyeupe ya maziwa. "Hii itaangaza nyumba, baba."

Mume akakisogeza kidole cha mkewe hadi kwenye kijivu. "Hiyo itachafuka. Watu watakuwa wengi, na kila mtu ataegemea ukuta."

Mwenye duka akatabasamu. "Kumbe kuko na harusi, mzee?"

Mke akageuka, akatazama barabarani. Mume akajibu polepole, kama anayemwelekeza mgeni njia. "Kwetu mwanamume hazikwi kama hana nyumba yake. Yangu imebaki rangi ya ndani tu. Hii inakauka haraka?"

"Kesho yake iko sawa," mwenye duka akasema, macho kwenye kaunta.

"Basi tutawahi," mume akamwambia mkewe.

Miaka yote tunapanga nyumba za watu na kuvumilia rangi aliyochagua mwenye nyumba. Ile yetu tunaikumbuka mwishoni, tukalala humo usiku mmoja tu, ndani ya sanduku, waombolezaji wakiegemea kuta. Huyu bwana ametushinda wengi. Yeye angalau rangi ya kuta zake ameiona, hata kama ni kwenye kadi.