Mbegu Tuliyoila

Mkoba wangu wa kazini unanuka moshi, hii ni wiki ya pili. Nimeufua kwa sabuni, nimeuanika juani, nimeugeuza ndani nje, wapi. Kosa ni langu. Jumamosi moja nilienda soko la Kwa Vonza kutafuta sukuma wiki tu, nikamkuta mama mmoja ameketi nyuma ya mahindi ya mbegu, yale ya kutundikwa jikoni, meusi kwa masizi, yamefungwa mawili mawili kwa maganda yake. Niliinama kunusa, na kabla sijajua ninachofanya nilikuwa nimetia jozi nne mkobani pamoja na madaftari ya wanafunzi wangu. Nilipofika nyumbani niliyaning'iniza kwenye msumari juu ya jiko langu la gesi. Jiko la gesi, jamani! Gesi haitoi moshi, na mbegu isiyopata moshi ni chakula cha wadudu. Hilo nalijua kuliko mtu yeyote hapa. Tangu siku hiyo sijatulia. Nasahihisha madaftari mawili, nainuka. Namimina chai, naisahau mpaka inapoa. Basi hebu niwaambie ninyi, labda nikishasema nitaweza kuketi.

Nililelewa Kasikeu na nyanya yangu mzaa baba, na sisi Wakamba nyanya tunamwita Susu. Baba alikuwa ameshafariki, mama alifanya kazi Emali na kuja mwisho wa mwezi, kwa hiyo pale nyumbani tulikuwa mimi na Susu, kuku kadhaa, na mbuzi wasio na adabu. Susu alikuwa mwembamba, mwepesi wa miguu, mtu wa kanisa hasa, na sikumbuki kumwona ameketi ila kanisani. Alikuwa akipepeta, akianika, akigeuza, akifunika. Kutotulia nimekurithi kwake. Subira alibaki nayo mwenyewe.

Karibu kila tulichokula kilikuwa kimekaushwa au kimefichwa mahali. Majani ya kunde aliyachemsha kidogo, akayatandaza juu ya mabati mpaka yakakauka kiasi cha kuvunjika mkononi. Mbaazi alizichanganya na majivu, akazitia kwenye kibuyu na kuziba mdomo wake kwa gunzi. Maembe yakizidi aliyakata vipande vyembamba, akavianika chini ya chandarua kuukuu, na nusu ya vipande hivyo, nakiri leo, haikufika kwenye mkebe. Mahindi ya kula yalikaa kwenye magunia ghalani. Lakini mahindi ya mbegu yalikuwa na makao yao peke yake. Susu aliyachagua moja moja, akayatundika kwenye fito jikoni, juu kabisa ya mafiga, na huko yalikaa tangu mavuno ya mwezi wa pili mpaka mvua ya mwezi wa kumi, yakifukizwa asubuhi na jioni. Mdudu hakuthubutu kuyagusa.

Mbegu ile alipewa na mama mkwe wake alipoolewa, na mama mkwe naye alikuwa amepewa na mwingine. Haikuwa mahindi ya kumwonyesha mgeni. Yalikuwa mafupi, punje ndogo zenye rangi ya maziwa, na hapa na pale mstari wa zambarau. Ila yaliiva upesi. Kwetu mvua ina tabia ya kukatika kabla ya wakati, na ikikatika, mahindi ya watu hunyauka yakiwa ndiyo kwanza yanachanua. Ya Susu huwa yameshabeba. Ndiyo sababu alipoingia jikoni alitazama juu kwanza, kabla hata ya kutazama moto.

Shida ilikuwa kifua changu. Nilikohoa tangu nianze kukumbuka mambo, na nilipofikisha miaka tisa nilikuwa nakohoa mpaka naona nyota. Daktari wa dispensari alimwambia Susu kwamba mtoto huyu hatakiwi kukaa kwenye moshi, na aliposema hivyo Susu alimuuliza kama anajua ugali hupikwaje. Hata hivyo habari ilimfikia shangazi yangu Katunge, binti yake aliyeolewa Mbooni, na haikupita mwezi shangazi akaja na fundi. Fundi akajenga jiko la udongo lenye bomba la kutolea moshi juu ya paa. Mafiga matatu yakatupwa nje na kuku wakayafanya viti vyao.

Jikoni kukawa kweupe. Kwa mara ya kwanza nilimwona Susu usoni wakati anapika, na nilishangaa kugundua kwamba macho yake hayakuwa mekundu kwa asili. Nami nikaanza kulala vizuri. Tulifurahi sana, kwa wiki sita hivi.

Jioni moja Susu alikuwa anaombea chakula. Maombi yake yalikuwa marefu: aliwaombea wagonjwa, walimu, wasafiri, na mbuzi pia, wapate akili. Nilifungua jicho moja kuangalia kama ugali bado una mvuke, nikaona unga mwembamba unadondoka kutoka juu, polepole, unatua kwenye ugali wetu. Nikatega sikio. Huko kwenye fito kulikuwa na sauti ndogo, kavu, ya kutafuna. Susu naye aliisikia, kwa maana alisema amina kabla hajawafikia walimu.

Alikuwa dumuzi, yule mdudu mweusi anayetoboa mahindi yakabaki ganda tupu. Asubuhi Susu aliyashusha yote, akayaanika juani, akayapaka majivu, akayarudisha. Baada ya siku chache unga ukaanza tena. Dawa ya duka aliiogopa tangu kuku wa jirani yetu Mama Kioko walipokula mahindi yaliyotiwa dawa na kulala chali wote. Mama Kioko mwenyewe alijitolea kuyatundika jikoni kwake, ambako moshi ulikuwa mwingi, lakini alikuwa na wavulana sita, na Susu alisema mbegu yake ingechomwa na kuliwa kabla ya Jumapili. Basi Mama Kioko akamshauri arudishe mafiga. Nilikuwa nyuma ya ghala nikilisha kuku, nikamsikia vizuri akisema mtoto atazoea, sisi sote tumekulia kwenye moshi. Susu alijibu kwamba angeona.

Hakuna aliyenilaumu. Lakini masikio nilikuwa nayo, na hesabu ile haikuwa ngumu: moshi uliondolewa kwa sababu yangu, na mbegu inaisha kwa sababu ya kukosa moshi. Nikaacha kutulia kabisa. Nilikuwa nikiingia jikoni mara kumi kwa siku, napanda kiti, naweka kiganja chini ya mahindi nione kiasi cha unga kilichodondoka. Shuleni nilisikia ile sauti ya kutafuna kwenye chaki ya mwalimu. Usingizi niliokuwa nimeupata nao ukaniruka. Susu aliniuliza kama nina minyoo.

Likizo ya mwezi wa nane, Alhamisi moja mchana, Susu alienda kwenye ushirika wa akina mama kanisani. Mimi nilikuwa nimesubiri aondoke kuanzia asubuhi. Nililowesha gunia, nikapanda juu ya mawe yaliyorundikwa nyuma ya jikoni, nikajivuta juu ya paa, ambalo lilikuwa chini sana, nikalisokomeza gunia ndani ya bomba mpaka mkono ukazama hadi kwapani. Nikashuka, nikawasha moto, nikaongeza matawi mabichi, nikafunga mlango na dirisha. Moshi ukarudi ndani kama zamani. Nilitazama juu nikaona mahindi yanafunikwa, na nawaambia ukweli, nilifurahi. Nilijifunga leso yenye maji puani, nikaketi kuuchunga moto usizime. Nilikuwa nimepanga kutoka baada ya muda kidogo. Niliona niongeze tawi moja zaidi.

Susu alirudi mapema, kwa kuwa mama wa kuongoza maombi alikuwa mgonjwa. Hilo tu ndilo lililoniokoa. Ninachokumbuka ni mwanga wa mlango, na mikono yake chini ya kwapa zangu, na udongo wa uani ukikwaruza visigino vyangu. Hewa ilikataa kuingia. Nilimwona akipiga kelele lakini sikusikia kitu. Mama Kioko alikimbia akasimamisha boda boda, nikabanwa katikati ya dereva na Susu mpaka dispensari, nikawekewa mashine ya mvuke usoni. Tulikaa huko mpaka jioni. Niliporudiwa na sauti, Susu aliniuliza jambo moja.

"Ulikuwa unatafuta nini mle ndani?"

"Moshi."

"Wa nini?"

"Wa mbegu."

Alinifunga shuka vizuri shingoni, kisha akalifungua, akalifunga tena.

Asubuhi iliyofuata aliyashusha mahindi yote. Alikaa chini uani, ndiyo, alikaa, akaanza kuyapukusa kwenye ungo. Dumuzi alikuwa ameyatoboa mengi lakini yaliyobaki mazima yalitosha kupanda shamba letu na kuzidi. Mama Kioko alipopita na kuona, alishika kichwa. Alimsihi aache hata konzi moja, konzi moja tu, atamfichia yeye. Kwetu mtu huuza mbuzi, huomba unga kwa ndugu, lakini mbegu haili. Aliyekula mbegu ni mtu aliyekata tamaa kabisa, na watu humsema.

"Tuna njaa," Susu akamwambia.

Ulikuwa uongo mtupu, na ghalani kulikuwa na magunia mawili. Aliosha punje, akazichanganya na mbaazi, akapika isyo kwenye jiko jipya, bomba likitoa moshi vizuri juu ya paa. Akanipakulia sahani iliyojaa. Ile isyo ilikuwa chungu kwa masizi, ilinuka moshi hadi kooni, na nilipoimaliza akaniongeza. Yeye alikula polepole, akitafuna kila punje. Sikuwa na shaka kwamba ninaadhibiwa. Nilijua nimemwudhi kiasi kwamba ameamua kunilisha kosa langu, nalo nilikula mpaka tumbo likauma, kwa sababu niliona ni haki.

Mwezi wa kumi tulipanda mbegu ya pakiti. Ilitoka vizuri, ikarefuka kuliko mahindi yoyote tuliyowahi kuwa nayo, na watu wa kanisa walitusifu. Mapema mwezi wa kumi na mbili mvua ikakatika, na mahindi yakakauka yakiwa yanachanua. Tulikula mbaazi na kunde kavu mpaka nikachoka kuziona. Nilisikia watu kisimani wakimtaja mwanamke aliyekula mbegu ya mama mkwe wake, na nilipopita wakanyamaza. Kila siku nilingoja Susu anitolee neno. Alikufa nalo, ningesema, ila hajafa. Yuko Mbooni kwa Shangazi Katunge, anawasumbua watu wote kule kwa kutokaa kwake. Nimekua, nimesoma, nimeolewa, nami nikiamini kwamba kuna deni la hasira kati yetu ambalo yeye ameliacha lilale.

Sasa turudi kwenye msumari wangu. Nina binti wa miaka saba, Mumbua, mwenye kifua kile kile changu. Nilipoyatundika mahindi nilijifanya mwalimu, nikamweleza kwa majivuno jinsi mbegu inavyotaka moshi ili isiliwe na wadudu. Juzi niliingia jikoni nikamkuta amesimama juu ya kiti. Kiganja chake kilikuwa chini ya mahindi, na ndani yake kulikuwa na unga kidogo.

"Mama," akasema, "tukichoma gazeti chini yake, si itasaidia?"

Nilimshusha, nikang'oa mahindi yote pamoja na msumari, nikaanza kuyapukusa hapo hapo nikiwa bado na viatu vya kazini. Mumbua alilalamika kwamba hatutabakiza ya kupanda. Nilimwambia tuna njaa. Maneno yalitoka yenyewe, na mikono yangu ikasimama juu ya ungo.

Kumbe Susu hakuwa ananiadhibu. Alikuwa amekaa uani na mbegu ya mama mkwe wake mapajani, akijua kwamba ikibaki hata punje moja juu kule, mimi nitapanda tena paa. Angeweza kunikataza, lakini alinijua. Nilikuwa wake, nisiyetulia. Akala mbegu, akala na aibu yake, na hakuniambia sababu, maana ningeambiwa ningeibeba. Na bado niliibeba, ila sababu isiyo ya kweli, miaka yote hii.

Nilimpigia simu wakati isyo inachemka. Nilikuwa nalia, nikamwambia nimeelewa kuhusu yale mahindi, nakuomba msamaha, Susu, kwa mbegu yako. Nyuma yake nilisikia ungo ukipepetwa.

"Mahindi gani?" akauliza.

Nikamkumbusha: ya mistari ya zambarau, ya mama mkwe wake, tuliyokula siku ile.

"Hayo siyakumbuki sana," akasema. "Mimi nakumbuka shangazi yako alipoleta lile jiko. Usiku wa kwanza hukukohoa. Niliamka mara tatu kukuwekea mkono puani, nione kama bado unapumua."

Kisha akauliza kama Mumbua ameshakula.