Majivu Chini ya Birika

Niliporudi Maisaka baada ya kumaliza chuo, kitu cha kwanza bibi alichonitia mkononi kilikuwa birika lake la chai ya wageni. "Marahaba, mama. Hebu liinue kwenye mwanga." Nikaliinua. Kwenye kitako, mwanga ukapenya kwenye tundu dogo kama jicho la kifaranga.

Birika lenyewe lilikuwa na kesi yake. Baba mdogo alikuwa ameamua kukipangisha chumba cha uani, karakana ya marehemu babu, na mnunuzi wa vyuma chakavu angekuja Jumapili baada ya ibada kusomba kila kitu. Pamoja na jiliwa, kile chuma kizito chenye taya mbili ambacho babu alikitumia kubania kila alichokitengeneza. Vingine bibi aliviachia viende, ila jiliwa hakutaka. "Mama, linakaa tu," baba mdogo alimwambia. "Nani analitumia?" Bibi akamjibu kwamba mjukuu wake yuko njiani, na birika likipona, jiliwa linabaki. Mjukuu huyo ni mimi: nina shahada, sina kazi, na nikifunga mlango narudi kuhakikisha kama kweli nimeufunga.

Nilipofungua karakana, harufu ikanipokea. Kutu, grisi, mkaa uliozimwa kwa maji. Rafiki yangu, kama uliwahi kulelewa karibu na mtu anayegonga vyuma, unaijua.

Babu hakuwa fundi mwenye kibao barabarani. Alilima mbaazi kule Singe, na vyuma vilikuwa starehe yake ya Jumamosi. Wingu likishapanda kutoka mlima Kwaraa na jua kutoka, nyundo inaanza, na majirani wakiisikia wanajua leo mzee yupo. Huyu analeta sufuria iliyong'oka sikio, yule bawaba ya banda la kuku, mwingine jembe linalocheza kwenye mpini. Walikuja na chochote: fungu la mlenda, kipande cha muwa kwa ajili yangu. Nakumbuka jirani yetu wa upande wa mgomba akiingia na sufuria yake ya ugali, mikono kiunoni: "Baba, hii ikikushinda mimi leo naachika!"

"Ukiachika, mfuniko uache hapa," babu alimjibu bila kuinua kichwa. "Ni mzuri."

Kazi yangu ilikuwa kuzungusha mkono wa jiliwa mpaka babu aseme basi, kisha kumpa tupa ya kusugulia ncha kali. Lakini nilichokingoja ni mwisho, kesho yake asubuhi nikishaamka. Chombo kikishazibwa, bibi alichota majivu makavu jikoni, akayatandaza juu ya kipande cha bati, na chombo, kimejaa maji, kikawekwa juu yake kwenye matofali mawili. Babu alifuta mikono kwenye suruali na kuniita: "Njoo tukayaulize majivu." Nililala kifudifudi, shavu karibu na ardhi, nikitafuta doa. Tone moja tu lingetosha kuchora duara jeusi. Sikuwahi kuliona. Kila mara majivu yalikuwa makavu, meupe, na babu alikohoa kidogo kama mtu anayeficha furaha.

Nilikua nikiamini mkono wa babu haukosei. Nadhani ugonjwa wangu wa kuogopa kuanza kitu nisichokuwa na uhakika nacho niliuokota pale, nikiwa kifudifudi.

Basi Ijumaa nzima nililizunguka lile birika nikiwaza. Je, nikilipanua tundu? Je, alumini ikipasuka? Jumamosi bibi alichoka kuniangalia. "Limekutazama vya kutosha," akasema. "Gonga."

Nikabana kipande cha ekseli ya gari kwenye jiliwa, nikalivisha birika juu yake. Nikakata kipande cha waya mnene wa alumini, nikakipitisha kwenye tundu, nikagonga taratibu mpaka ncha zote mbili zikalala bapa kama kofia za uyoga. Bibi akaleta majivu mwenyewe, mgongo umepinda, bati lile lile. Tukajaza maji. Nikalala kifudifudi, mtu mzima na cheti chake.

Doa likatokea. Jeusi, duara kamili.

"Limevuja, bibi." Sauti yangu ilikuwa ya mtoto. Niliona jiliwa likipanda juu ya mkokoteni wa mnunuzi.

Bibi akacheka mpaka akashika ukuta. Akayamwaga majivu yale chini ya mgomba, akachota mengine. "Ulidhani babu yako alikuwa anapatia mara moja? Yeye alijaribu asubuhi, wewe ukiwa umelala. Chombo kikivuja, anagonga tena, mimi nabadilisha majivu. Uliyokuwa ukiyaona wewe ni ya pili. Siku nyingine ya tatu."

"Mbona hamkuniambia?"

"Ulikuwa mtoto wa kulia. Kikombe kikidondoka, wewe siku imeharibika. Tukasema huyu tumwite chombo kikishapona." Akanisogezea nyundo. "Sasa umekua. Gonga tena, mama."

Jumapili baba mdogo alikunywa chai iliyotoka kwenye birika lile, akaligeuza, akapitisha kidole kwenye kofia ya alumini, iliyokaa upande kidogo. Mnunuzi alipouliza kuhusu jiliwa, baba mdogo alisema, "Hilo linatumika."

Vingine vimeondoka. Chumba kina mpangaji na pazia la maua; jiliwa liko nyuma ya jiko, chini ya bati. Jumamosi Maisaka ni kimya, sufuria ikitoboka watu wananunua nyingine, na jirani wa upande wa mgomba alishahamia kwa mwanawe. Hakuna tena anayeniita kuyauliza majivu. Lakini ninachokikumbuka sasa si yale majivu meupe. Ni asubuhi nisizoziona, wazee wawili uani wakinong'ona juu ya doa jeusi, wakifanya haraka kabla sijaamka.